Salamu za Watakatifu Wote kutoka kwa muuza mchele

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu wanajumuiya!

Heri ya Sikukuu ya Watakatifu Wote. Kesho, tarehe 2 Novemba, tutakuwa makaburini tukiwaombea marehemu wetu. Leo ni siku ya walio mbinguni: wale tunaowaita kwa majina kwenye litania, na umati ule ambao majina yao anayajua Mungu peke yake.

Mwaka huu nimemshika mmoja rohoni, naye ni kijana wa Goma, mji wa mashariki mwa Kongo unaoongea Kiswahili kama sisi. Floribert Bwana Chui alizaliwa mwaka 1981. Hakuwa padre wala bruda. Alisomea sheria, akaajiriwa kukagua ubora wa bidhaa zinazoingia mpakani, na nje ya kazi alikuwa mwanajumuiya wa Sant'Egidio, jumuiya ya walei Wakatoliki wanaowasaidia maskini, akiwahudumia watoto wa mitaani. Siku moja mbele yake kukawa na shehena ya mchele ulioharibika. Akapewa hongo aupitishe, akakataa. Julai 2007 alitekwa, akateswa, akauawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenyeheri, hatua iliyo kabla ya kutangazwa Mtakatifu, huko Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta.

Mchele, ndugu zangu! Niliposikia neno hilo nilikaa kitini.

Mnanijua, chakula cha wanangu kinatoka kwenye mchele. Na mwaka mmoja wa masika banda langu lilivuja, magunia mawili yakalowa, yakaanza kunuka. Niliuanika ule mchele juani, nikauchanganya na mzuri kidogo kidogo, nikauza. Ukichanganya vizuri mteja hatambui kitu sokoni. Harufu humtokea nyumbani, sufuria ikiwa motoni na watoto wamekaa wanangoja. Hakuna aliyerudi kunilalamikia. Jumapili ile nilipokea Komunyo kama kawaida.

Floribert alikataa kuwalisha mchele mbovu watu asiowajua, akalipa kwa uhai wake. Mimi niliwalisha majirani zangu ili kuokoa magunia mawili.

Niliungama, na padre akanisikiliza kwa upole sana, Mungu ambariki. Ila tangu hapo Injili ya leo hainipiti juu juu. "Heri wenye njaa na kiu ya haki." Nilidhani haki hiyo ni ya mahakamani, mambo ya wakubwa. Kumbe ipo kwenye debe langu, kwenye kisado, kwenye ile dakika ninayoamua gunia hili naliuza au nalimwaga. Nililimwaga moja mwaka jana. Iliniuma, maana ada ya shule ilikuwa inadaiwa, na sitawadanganya kwamba pesa ile ilirudi kwa njia nyingine. Haikurudi. Lakini usiku ule nilisali rozari moyo wangu ukiwa mweupe, na mke wangu akaniuliza mbona leo unaimba.

Basi nawatakia sikukuu njema, wewe wa dukani, wewe wa ofisini unayeshika muhuri, nawe mama unayepima maziwa alfajiri kabla wengine hatujaamka. Mniombee, nami nawaombea. Mwenyeheri Floribert, utuombee.

Kesho tukutane makaburini saa moja asubuhi. Majani yamekuwa marefu upande wa watoto. Mwenye fyekeo la ziada aje nalo.