Wageni wanahesabiwa, na tungule je?

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo ambalo sisi wakulima wa huku Kinyasini tunalizungumza barazani kila siku lakini sijaona likiandikwa.

Kila mwezi tunatangaziwa idadi ya wageni walioingia Zanzibar. Mwaka 2023 walikuwa 638,498, mwaka 2024 wakafika 736,755, na sisi wenyewe kwa mujibu wa sensa ya 2022 tupo watu 1,889,773, kwa hiyo mtu akisikia hizo namba anasema mashallah kisiwa kimeneemeka. Na mimi sina ubaya na wageni hata kidogo, wageni ni riziki, nyumba nyingi huku kwetu zina kijana anaefanya kazi hoteli na mshahara wake ndo unalipa ada na dawa za wazee. Ila mgeni akishagongewa muhuri pale uwanja wa ndege basi na hesabu inaishia pale pale. Hatuambiwi amekula nini, kimelimwa wapi, na katika hela alolipa imebaki ngapi kisiwani. Wapo wengi wanalipia kila kitu huko huko kwao kabla hawajapanda ndege, chumba, chakula, vinywaji, mpaka ile safari ya kwenda kuangalia pomboo Kizimkazi, halafu wanakaa wiki nzima ndani ya ukuta wa hoteli na muuza duka wa nje ya geti hawamjui.

Hapa Kinyasini ndo njia panda ya kwenda Kiwengwa. Kenta inatoka bandarini Malindi imejaa tungule (nyanya) za Lushoto na mbatata (viazi) zilizovushwa kwa boti kutoka bara, inapita mbele ya mashamba yetu, sisi tumesimama na matenga yetu, inakwenda kushusha hotelini. Sina chuki na mkulima wa Lushoto, na yeye anatafuta kama mimi, na mbatata sisi kweli hatuna ya kutosha. Lakini tungule, mabiringanya, mapilipili boga, mchicha, matango, mapapai, hivi jamani hivi ni vitu vya kuvushiwa bahari?

Nikiuliza wenye hoteli wanasema nyinyi hamna uhakika, leo mnaleta kilo mia kesho hamna, na masika yakianza mnapotea kabisa. Hilo ni kweli, siwezi kulikataa. Mvua ikishuka tungule zinaoza shambani na hatuna chumba cha baridi cha kuwekea. Lakini wao nao waseme upande wao. Oda ikija unafurahi, unavuna, unapeleka, unaandikiwa invoisi, halafu unaambiwa subiri siku sitini, wengine tisini, ukienda kuulizia mhasibu hayupo, ukirudi meneja kasafiri. Mimi kuna hoteli moja ya pwani ilinizungusha mpaka msimu mwengine ukaingia sina hela ya mbegu wala ya mafuta ya pampu. Mkulima wa eka moja hawezi kuikopesha hoteli ya nyota tano miezi mitatu, hata iweje. Ndo maana watu wanakimbilia kuuza soko la Mwanakwerekwe kwa madalali, bei ya kutupa lakini keshi mkononi, halafu wataalamu wanakuja kutuandikia kwamba wakulima wa Zanzibar hawana mwamko wa soko la utalii.

Sasa kwa nini naiandikia serikali kupitia kwako na siwaandikii hao wenye hoteli. Kwa sababu utalii si jambo la Muungano, hili liko mikononi mwetu. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ) ina Rais wake, ina Baraza la Wawakilishi, ina bajeti yake. Ardhi iliyojengwa hoteli ni ya serikali, mwekezaji amekodishwa. Leseni inatoka Kamisheni ya Utalii, mradi unapita ZIPA, mamlaka ya uwekezaji, na huko ndo misamaha ya kodi inakotolewa, na VAT inakusanywa na ZRA, mamlaka yetu ya mapato. Hoteli zinapeleka ritani za kodi ZRA, na vitabu vya manunuzi wanavyo, kwa hiyo taarifa ya nani kanunua wapi ipo au inapatikana bila tabu, kinachokosekana ni mtu wa kuiuliza na kuitangaza. Na msiniambie ni kazi ngumu. Oktoba 2024 iliwekwa bima ya lazima ya dola 44 kwa mgeni mtu mzima kutoka nje, mfumo ukatengenezwa na watu wakaanza kulipa. Tukitaka tunaweza.

Wazee watakumbuka karafuu. Nchi ilikaa juu ya zao moja na mnunuzi wake mkubwa alikuwa Indonesia, Indonesia wakapanda karafuu zao wakajitosheleza, miaka ya 80 bei ikaanguka na serikali ikawa haina pa kushika, na hapo ndo mlango wa utalii ukafunguliwa. Halafu ikaja 2020. Wageni wakashuka kutoka 538,264 wa mwaka uliotangulia mpaka 260,644, hoteli Nungwi mpaka Paje zikafunga, vijana wetu wakarudishwa nyumbani, na walikuja wapi? Walikuja shambani, walikwenda baharini. Kama yale mashamba na zile ngarawa zingekuwa zimeshajengewa soko kwa miaka yote thelathini ya utalii tungekuwa na mahali pa kuangukia, lakini tulirudi kwenye jembe lile lile la babu.

Na hapa nazungumzia Unguja. Pemba ndo zaidi, watu zaidi ya laki tano, ardhi yenye rutuba kuliko yetu, karafuu nyingi zinatoka kule, na hoteli zake ni za kuhesabu. Mgeni akienda Nungwi Mpemba anapata nini? Angeweza kupata, ndizi zake na mihogo yake na machungwa yake yangeweza kuliwa Nungwi, meli zipo, lakini hakuna anaemwambia hoteli zinataka nini na kiasi gani. Na kina mama wa mwani Paje na Jambiani, wameanza kazi ile tangu 1989, leo ufukwe wao umejaa watalii wa mchezo wa kaiti wa baharini na vitanda vya kuotea jua, na sabuni na krimu za mwani wanazotengeneza sijui ni hoteli ngapi zinaziweka vyumbani.

Serikali hii imejenga skuli za ghorofa na hospitali za wilaya, tunaziona na tunashukuru, na najua kodi za utalii zimechangia. Ila kodi inapita serikalini kwanza, kilo moja ya tungule inaingia mfukoni kwa mtu moja kwa moja siku ile ile, kama imelipwa.

Ombi langu kwa wawakilishi wetu barazani pale Chukwani, bajeti ya utalii ikisomwa muulizeni waziri, pamoja na idadi ya wageni, hoteli zimenunua tani ngapi za mboga, mayai, samaki na matunda ya Zanzibar na zimelipa baada ya siku ngapi. Namba hata ikiwa ndogo ya kutia aibu itoeni hivyo hivyo, kila mwezi, karatasi moja na ile ya wageni. Na anaetaka msamaha wa kodi apewe sharti la kununua kiasi fulani hapa hapa na kulipa ndani ya siku thelathini, asiyetaka alipe kodi kamili kama wengine.

Wako,
Mkulima wa tungule,
Kinyasini, Kaskazini Unguja