Mkituuzia udongo, mleteni na mfinyanzi

Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa sanaa katika shule moja ya sekondari msingi hapa Kisumu. Mwaka jana nilitoa fedha zangu mwenyewe kununua udongo, nyaya za kukatia na visu vya kuchongea kutoka duka moja la vifaa vya sanaa jijini Nairobi. Mzigo ulifika kwa basi. Udongo ulikuwa umefungwa kwenye plastiki, laini kama siagi, hauna hata chembe ya mchanga. Wanafunzi wa gredi ya 7 waliufurahia mno. Walifinyanga vikombe na ng'ombe, na kijana mmoja akafinyanga bodaboda pamoja na abiria wake. Tukavianika siku tatu, kisha tukavichoma nyuma ya jikoni kwa kuni na nyasi kavu.

Moto haukuwa umeshika vizuri tulipoanza kusikia milio. Kati ya vitu 36, vilivyotoka vizima vilikuwa 5. Msichana aliyefinyanga ng'ombe aliokota pembe moja kwenye majivu, akaifuta, akaitia mfukoni.

Nilipiga simu dukani. Aliyepokea aliniuliza tu kama shule ina tanuri la umeme. Haina, na sijui shule jirani iliyo nalo.

Jibu nililipata Ilesi, kwenye barabara ya Kakamega kwenda Kisumu, si mbali na lile jiwe linalolia ambalo watalii hulifuata. Msafiri yeyote wa njia hiyo ameviona vyungu vilivyopangwa kando ya lami. Nilimwonyesha mama mmoja mfinyanzi kipande cha kikombe kilichopasuka. Alikivunja, akakisaga kwa vidole, akaniambia, "Mwalimu, huu udongo hauna vigae. Mvuke ungepitia wapi?" Kisha akanivutia kigoda nikae nitazame.

Nilikaa pale tangu saa nne asubuhi hadi jua lilipoanza kupoa. Nilimwona akitwanga vyungu vilivyovunjika, akichekecha unga wake na kuuchanganya na udongo mbichi uliotoka bondeni. Niliona namna anavyoviringisha udongo kama kamba na kuujenga duara juu ya duara, huku mkono mmoja ukiwa ndani ya chungu na mwingine nje. Alilainisha kwa gunzi la mahindi, akang'arisha kwa kokoto ya mtoni. Vyungu vilivyokwisha kukauka alivipasha kwanza kando ya moto, akawa anaviinua kimoja kimoja na kukibandika shavuni. Kikiwa na ubaridi, alikirudisha kwenye joto na kusubiri. Hilo la shavu sijalikuta katika kitabu chochote cha darasani, na ndilo lingeniokolea vitu 31.

Sababu yenyewe inaeleweka. Maji yaliyobaki ndani ya udongo hugeuka mvuke joto likifika nyuzi 100, na mvuke usipopata njia hupasua chombo. Juu zaidi, kwenye nyuzi 573, chembe za kwazi (quartz), madini magumu yaliyomo udongoni, hubadilika umbo na kutanuka ghafla, kwa hivyo moto ukipandishwa kwa pupa hapo, nyufa hutokea. Vigae vilivyosagwa vimekwisha kuchomwa mara moja, havinywei tena, na huacha vijia vidogo ambamo mvuke hupita. Udongo laini wa dukani umetengenezewa tanuri la umeme, ambalo mtu hulipandisha joto polepole kwa saa nyingi. Si udongo mbaya. Niliuziwa tu bila mtu wa kunionyesha.

Ndiyo maana naandika. Ninaona maduka na maonyesho ya sanaa yakiongezeka katika miji yetu, na vifaa vya ufinyanzi vimeanza kuwekwa mezani: magurudumu, rangi, unga wa glezi, ule unaopakwa chomboni ukayeyuka motoni na kung'aa kama kioo. Ni jambo jema, kwani mtaala mpya unatutaka tuwape watoto kazi za mikono. Lakini ombi langu kwa wanaouza na wanaoandaa ni hili: pamoja na meza ya vifaa, awepo mfinyanzi wa hapa hapa akifanya kazi watu wakimwona, na alipwe.

Nasema alipwe kwa sababu ya nilichokiona. Katika maonyesho fulani ya hapa mjini, mama aliyealikwa kuonyesha ufinyanzi aliwekwa nyuma ya mahema, juani, udongo wake ukikauka kabla hajaupanga. Wageni walipiga picha, wakapita. Jioni alipewa nauli na soda. Mpiga muziki alilipwa, mwenye mahema alilipwa, hata mwenye spika alilipwa. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, lakini hawakusema kwamba waandaaji ndio wampakulie humo.

Tena kuonyesha si burudani ya pembeni. Katika ufundi huu ndiyo shule yenyewe. Kwa Waluo, ufinyanzi ni kazi ya wanawake, na wengi wamejifunza baada ya kuolewa, wakiketi karibu na mama mkwe na kutazama mikono yake mpaka yao ikazoea. Ndivyo dapi, ule mtungi wa maji ambao hutoa jasho na kuyapoza maji bila umeme, ulivyotufikia. Huku kwetu ufinyanzi ni wa kale kiasi kwamba wanaakiolojia wametumia jina la Urewe, mahali palipo Siaya, kuita aina ya vyungu vya Enzi ya Chuma ya Kale vinavyopatikana kuzunguka Ziwa Viktoria hadi Rwanda na Burundi. Na Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi ambaye vyungu vyake vimo katika British Museum mjini London, hatumii gurudumu wala glezi. Hujenga kwa mkono, hupaka udongo mwepesi, hung'arisha, kisha huchoma. Mwanafunzi wangu akiambiwa hivyo baada ya kumwona mama wa Ilesi, anaelewa kwamba njia hiyo inaanzia karibu na kwao.

Mahali pa kuanzia tunapo. Makumbusho ya Kisumu yana Ber-gi-dala, boma la Kiluo lililojengwa ili watoto waone nyumba na vyombo vya wazee. Siku moja tu kila mwezi, mfinyanzi akae katika boma hilo na udongo wake, na kando yake iwepo meza ya vifaa. Serikali za kaunti nazo zisiseme si kazi yao: Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti shughuli za utamaduni, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya ufundi wa nyumbani.

Kuhusu vifaa vyenyewe, wafanyabiashara wangeangalia kwanza kilichopo. Kaunti ya Nakuru ina kaolini, udongo mweupe wa kufinyangia, huko Eburru, na Kariandusi karibu na Gilgil huchimbwa diatomaiti, jiwe jepesi linalofaa kwa matofali ya kuzuia joto lisitoroke tanurini. Vigae vya kusaga viko Ilesi bure. Mtu akituwekea hapa Kisumu udongo wa bondeni uliochekechwa na kuchanganywa na vigae, katika mifuko ya kilo 10, atapata wateja walimu kabla hajatafuta wengine.

Na wauzaji watuambie kilichomo ndani ya unga wanaotuuzia. Glezi yenye madini ya risasi (lead) haifai kabisa kwa chombo cha chakula, wala kwa mikono ya mtoto. Vumbi la udongo mkavu lina madini ya silika (silica), ambayo yakivutwa kwa miaka huharibu mapafu, kwa hivyo darasa la ufinyanzi halifagiliwi, hupanguswa kwa kitambaa kilicholowa maji. Nilikuwa nawapa watoto fagio. Hakuna aliyewahi kuniambia.

Muhula huu tumeanza upya. Wale ng'ombe, vikombe na bodaboda waliopasuka tumevitwanga, tukavichekecha, tukavichanganya na magunia mawili ya udongo niliyoletewa kwa matatu kutoka Ilesi. Msichana yule aliileta pembe yake akaitia kinuni mwenyewe. Walimu wenzangu tumechanga nauli na malipo ya mama aje atuchomee mbele ya darasa, Ijumaa ya wiki ijayo. Fedha zilitosha siku moja. Anayetaka kutuongezea ya pili, au kuwaleta wanafunzi wake waketi na wetu, shule iko wazi.

Mwalimu wa sanaa,
Kisumu