Dada, bado nauona ule mkoba

Dada, shikamoo.

Simu zangu hupokei, na ujumbe unausoma kisha unanyamaza. Basi nakuandikia hapa. Wakisoma na wengine, wasome.

Nasikia ulimwambia mdogo wetu kwamba nimekuza neno. Labda. Lakini mama tulikuwa tumemzika jana yake, bahasha ya michango haionekani, chumbani tuko kumi na mmoja. Macho yako yakatuzunguka, yakampita shemeji, yakawapita binamu zetu, yakatua kwa wifi yako. Hukumtaja. Ulisema tu, "Watu wa kwao tunawajua." Naye hakujibu, aliupindua mkoba sakafuni. Funguo, leso, dawa ya kikohozi ya mtoto, kalamu isiyo na kifuniko. Kalamu ikabingirika hadi ulipokaa, ukaisukuma kwa kidole cha mguu.

Siku ya tatu bahasha ikaonekana ndani ya daftari la waliohudhuria, ulilolifunga mwenyewe. Ukasema, "Basi yaishe."

Yaishe vipi? Binamu yetu alipozitafuna kweli pesa za matibabu ya baba, ulisema alibanwa na madeni, mtoto wa watu. Wa kwetu akikosa, ni shida iliyomsukuma. Wa kwao hata hajakosa, ndiyo tabia yao. Sikutungii. Mwaka 1979 mwanasaikolojia Thomas Pettigrew aliliandika jambo hilihili. Wala haihitaji uhasama wa vizazi. Henri Tajfel, mwanasaikolojia mwingine, kule Bristol, Uingereza, aliwagawa wavulana wa shule makundi mawili, wakaambiwa hawa wamependa picha za mchoraji Klee na wale za mchoraji Kandinsky, kumbe wamegawanywa ovyo tu. Walipopewa pesa za kuwagawia wenzao, waliwapendelea wa kundi lao bila hata kujua ni akina nani. Wengine walikuwa radhi kundi lao lipate pungufu, ilimradi lile jingine liachwe mbali zaidi. Kwa picha, dada! Sisi tuna majina, lafudhi, na maneno tuliyoyasikia kwa wakubwa tangu tukiwa wadogo.

Sikuchukii. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma, kidole chako juu ya changu, mstari kwa mstari. Nakuomba tu, siku nyingine jicho likitaka kutua, lirudishe lizunguke tena, lianze na sisi. Mimi ningemtetea palepale, ila nilikuwa sijalala siku nne, kichwa hakikuwa changu, na wewe ni mkubwa wangu, ningekukatizaje mbele za watu? Mtu aliyefiwa na mama yake hapimwi kwa dakika moja ile.

Najua, na wewe ulikuwa umefiwa na mama huyohuyo.

Wifi yako hakusemi vibaya. Usiku ule aliniuliza swali moja tu: vile vitu vilipomwagika, mbona na mimi niliinama kutazama, nilikuwa natafuta nini?

Nikamjibu, kalamu.