Anayetafuta mafuta Rukwa aanze na maji

Ndugu Mhariri,

Kila mahali maji yanapochemka huku kwetu, hawakosi wa kusema chini kuna mafuta. Yamesemwa kuhusu chemchemi za Songwe, yamesemwa kuhusu viputo vya Rungwe, na heliamu ya Rukwa imezidisha maneno. Naomba nafasi niseme kwamba viputo vinaonyesha maji yamepata wapi njia ya kutokea. Kilicholala chini yake ni habari nyingine.

Maji ya ardhini hayatulii kama ya kwenye tangi. Mvua ya Rungwe na Poroto, ambako milima inapita meta 2,000, sehemu yake huzama kwenye miamba na kufuata nyufa hadi sakafu ya Bonde la Ufa. Ziwa Rukwa liko kwenye meta 800 hivi tu. Tofauti hiyo ya kimo ndiyo inayoyasukuma. Yakishuka yanapata moto, yanayeyusha chumvi, yanabeba gesi. Yakikuta ufa yanapanda. Ndiyo maana Songwe kuna maji ya kuivisha yai na mawe ya chokaa yaliyoachwa na maji hayohayo, na Ivuna watu wamechemsha chumvi kwa karne nyingi.

Gesi zenyewe pia zinatofautiana. Ile ya Kyejo, kule Rungwe, inayotiwa kwenye soda ni kabonidayoksaidi ya volkano. Iwashie kiberiti uone kinavyozimika. Heliamu iliyotangazwa mwaka 2016 imetokana na uraniamu na thoriamu kuoza polepole ndani ya miamba mikongwe, ikasafirishwa na maji pamoja na naitrojeni. Hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji mafuta ili iwepo.

Mafuta yana uhusiano wake na maji. Yakishaiva kwenye matope ya kale yaliyofukiwa, hupanda kwa wepesi wake kupitia miamba iliyojaa maji mpaka yazuiwe na tabaka la udongo wa mfinyanzi; mahali hapo huitwa mtego. Maji yakitulia, mpaka kati ya mafuta na maji hulala sawasawa. Yakitembea, mpaka huo huinama. Mwaka 1953 mwanajiolojia Mmarekani M. King Hubbert alionyesha kwa hesabu kwamba mkondo ukiwa na nguvu, mafuta husombwa yote kutoka kwenye mtego ambao kwenye ramani unapendeza kabisa, huku gesi, kwa wepesi wake, ikiweza kubaki palepale. Baadaye József Tóth, mtaalamu wa maji ya ardhini aliyefanya kazi Kanada, alijenga hoja kwamba maji yanayoshuka milimani na kupanda mabondeni ndiyo yanayokusanya mafuta pale mikondo inapokutana. Hukohuko Kanada, Alberta, yapo mafuta yaliyobaki kama lami kwa sababu bakteria wamekula sehemu zake nyepesi. Wadudu hao hustawi palipo na maji na joto lisilozidi nyuzi 80 hivi.

Kwetu visima viwili vya utafiti vilichorongwa mwaka 1987, Ivuna na Galula, na mafuta ya biashara hayakupatikana. Sisemi bonde zima ni tupu. Nasema upimaji wa mitetemo unatuchorea umbo la miamba, lakini hautuambii maji yanaelekea wapi.

Hapo ndipo tunapojinyima wenyewe. Nimewahi kushika ripoti ya kisima kirefu cha kijiji kimoja: kina kimeandikwa, lita kwa saa zimeandikwa, bei ya pampu imeandikwa hadi senti. Joto la maji, kistari. Uchumvi, kistari. Na maji yenyewe yalikuwa ya uvuguvugu, mama wa kwanza kujaza ndoo alilisema hilo mbele ya kila mtu! Kipimajoto kinauzwa bei gani jamani?

Kila kisima kinachochimbwa kuanzia Mbalizi hadi ufukweni mwa Rukwa kiandikiwe joto, uchumvi, na kina cha maji kabla pampu haijawashwa, na takwimu hizo zifike bodi ya maji ya bonde. Zikiwekwa kwenye ramani moja zitaonyesha maji yanazama wapi na yanapanda wapi. Wanaopewa leseni za gesi nao wadaiwe takwimu za maji wanayokutana nayo njiani, hata wasipopata walichokifuata.

Msomaji wako,
Uyole, Mbeya