Kichupa cha tatu

Nkuhungu, Dodoma
Jumapili, 9 Februari 2025

Mtani wangu Nyemo,

Mbukwenyi! Usicheke. Ukiona Mhehe anasalimia Kigogo, ujue Dodoma imeshamkolea mpaka hasikii tena chumvi kwenye maji ya bomba. Na kabla hujauliza: mbwa wa mtaa huu wote wazima, nimewahesabu asubuhi nikienda kanisani.

Korosho zako zilifika na barua yako ikafika. Korosho zilidumu siku mbili, barua bado ninayo. Swali lako ndilo la mama kila akipiga simu: "Hivi huko maabara unafanya nini hasa?" Nilitaka kukujibu kwa meseji nikaona maneno hayatatosha, tena kuna jambo linalomhusu bibi yako ambalo sitaki kuliandika kwa mkato. Nitalifikia.

Kwanza niondoe la GMO. Bodaboda wa kituoni hapa wananiita "dada wa GMO", na siwalaumu. Mwaka 2016 pale Makutupora yalipandwa mahindi ya majaribio yaliyobadilishwa vinasaba, Serikali ikasimamisha mwaka 2018, na maneno yake hayakuisha. Sasa ukionekana na koti jeupe begani, umeshahukumiwa. Sisi hatuingizi kitu kwenye mtama. Tunausoma ulivyo, tuone upi umezaliwa na kinga, ili wale wa kuchanganya mbegu shambani wajue wachague mzazi gani.

Kinga yenyewe ni dhidi ya kiduha, lile gugu nyonyaji. Hili sina haja ya kumsimulia mtoto wa Mvumi, ila wewe uliondoka na kemia yako hadi Newala, pengine umesahau yale maua mazuri katikati ya shamba linalokufa. Ubaya wa kiduha ni kwamba unapokiona kimetoka juu, kimeshamaliza kazi chini. Mbegu zake ni vumbi tupu. Mmea mmoja humwaga makumi ya maelfu, na zinaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10 zimelala. Hazioti kwa mvua tu. Zinasubiri harufu. Mzizi wa mtama unatoa kemikali kidogo udongoni, mbegu inaisikia, inaamka na kuuganda mzizi huo na kuanza kunyonya.

Hapo ndipo penye utamu. Mwaka 2017 watafiti walieleza jeni moja kwenye kromosomu ya tano ya mtama (mtama una jozi 10), wakaipa jina LGS1. Mtama ambao jeni hiyo imekatika hutoa kemikali ya umbo lingine, na mbegu za kiduha zinaendelea kulala. Yaani mtama unaopona ni ule uliopungukiwa. Mimi nimeajiriwa kutafuta kitu ambacho hakipo.

Siku zangu zinakwendaje? Kwa sehemu kubwa natwanga. Miaka mitatu Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA), na kazi ni kinu na mchi, kinu kidogo cheupe cha kauri kinachoingia kiganjani. Unamimina naitrojeni ya kimiminika, ile ya nyuzi 196 chini ya sifuri, jani linakuwa kama kioo, unatwanga haraka kabla halijayeyuka. Naitrojeni ikichelewa kuja, tunatumia majani tuliyoyakausha, na mkono unajua tofauti. Unga ule unauweka kwenye dawa ya moto ya nyuzi 65, unatia klorofomu, unazungusha kwenye mashine mpaka vitu vigawanyike matabaka, unavuta maji ya juu tu, unatia alkoholi, na hapo, Nyemo, vinasaba vinaonekana kwa macho. Uzi mweupe kama pamba iliyolowa. Mara ya kwanza nilimwita mlinzi aje aone.

Ukikosea kuosha, sukari za mmea zinabaki humo na uzi unavutika kama mlenda. Sikutanii, ni mlenda kabisa. Nimekula mlenda wa kwenu miezi 14 sasa na nimejifunza kuupenda, lakini ule wa kwenye kichupa bado unanitoa machozi, maana unajua kazi ya siku nzima imekwenda.

Baada ya hapo ni mashine ya PCR, ile ya kunakili kipande cha vinasaba, ambayo wewe mwalimu wa kemia utaielewa kuliko mimi: nyuzi 95 kuachanisha, hamsini na kitu kushikiza, 72 kujenga, unarudia mara 35. Kila mzunguko kipande kinaongezeka maradufu. Kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo bila kuiva kilitoka kwa bakteria wa chemchemi za maji moto za Yellowstone, Marekani. Jioni moja umeme ulikatika tukiwa mzunguko wa 31, jenereta ikagoma, tukakaa gizani tukisikiliza majokofu yakinyamaza moja baada ya jingine. Sijawahi kusikia ukimya wa namna ile.

Pesa nisikwambie sana. Mkataba ni wa miezi sita sita, na posho ya safari za vijijini huja ukiwa umeshasahau kijiji chenyewe.

Sasa la bibi.

Juni mwaka jana tulizunguka vijiji vya Chamwino kukusanya mbegu za zamani, zile ambazo watu hawajaziacha hata baada ya kuletewa mbegu ya kisasa ya Macia. Tulipofika Mvumi nikamwambia Daktari, bosi wetu wa maabara, hapa nina bibi. Nikaelekezwa mpaka kwenye tembe lenu. Bibi alinikagua juu hadi chini, akauliza kabila, akacheka peke yake kwa muda mrefu, kisha akaniingiza jikoni. Mbegu zake zinaning'inia juu ya moshi, masuke yamefungwa kwa kamba za magome, nyingine zimo kwenye kilindo. Akanishushia suke moja jekundu, zito. Akasema mtama ule hata kwelea kwelea wakishuka, huwa wanakwenda kwanza kwa jirani mwenye mtama mweupe, maana wa kwake mchungu. Na kiduha? Akasema kinaota pembezoni, katikati hakiingii. Akataja jina lake kwa Kigogo, nikaandika kama nilivyosikia.

Nilimpa pesa akaikataa. Akasema: "Ninyi watu wa utafiti mnachukuaga. Kurudi hamrudigi." Nikaapa nitarudi. Unajua mimi nikiapa mbele ya mtu mzima.

Mtama wa bibi ukapewa namba, ukaingia kwenye sampuli 96 za kundi la kwanza. Tarehe 29 Januari, siku ya Jumatano, nilikuwa na safu ya vichupa vinane mezani, vinasaba tayari vimesafishwa. Umeme ulikuwa umekatika usiku, friza ikatoa maji, vichupa vimelowa. Nikavitoa kwenye kishikio, nikaviweka kwenye barafu, nikachukua tishu yenye ethanoli, ile alkoholi ya maabara, nivifute viwe visafi. Usafi ulioniponza! Maka peni tunazoandikia wanasema wino wake haufutiki. Kwa maji haufutiki. Kwa ethanoli niliona tishu inageuka bluu, na nilipofungua kiganja, vifuniko vyote vinane vilikuwa vyeupe pee.

Hakuna aliyeniona. Saa nane mchana, wenzangu wamekwenda kula.

Nikajiambia nakumbuka mpangilio. Vilikaa hivi, wa kwanza ule uliokuwa na maji mengi, wa tatu wa bibi, wa tano ule wa Kongwa. Nikaandika upya namba zote nane kwa mkono usiotetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha hadi leo. Nikaviweka kwenye mashine, nikaendelea na siku yangu.

Jioni nikapitisha kwenye jeli. Vinasaba vina chaji hasi, unaviwekea umeme vikimbilie upande chanya, vifupi vinatangulia, unawasha taa maalumu na kuona mistari. Kila sampuli tunaipima mara mbili: kwa alama ya LGS1, na kwa alama nyingine ambayo kila mtama unayo. Ikikosekana ya kwanza na ya pili ikaonekana, jeni haipo. Zikikosekana zote mbili, ni wewe umeharibu kazi, usimsingizie mtama. Miezi yote hiyo nilikuwa nimeona mistari tu, kila kijiji kina jeni lake zima.

Jioni ile mistari saba iliwaka. Mmoja haukuwepo, na alama yake ya pili ilikuwepo, imenyooka kama rula. Kichupa cha tatu.

Nyemo, niliona kila kitu. Niliona bibi anapigiwa simu, niliona jina la Mvumi kwenye jarida, niliona nimetimiza kiapo. Nikapiga picha jeli, nikaandika kwenye daftari namba ya bibi, nikaandika "haupo". Nikapanda daladala nikaja nyumbani nikapika wali, nikaula wote, nikalala.

Saa tisa usiku nikaamka. Mmoja kati ya mitama minane hana jeni ile, hilo ni kweli. Lakini ni upi, mimi ndiye niliyeamua, kwa sababu nampenda mwenye nao. Ukienda kwa wale wa mashamba, watauchukua mtama wa bibi, watauchanganya misimu mitano sita, wakulima wapewe, waupande kwenye kiduha uliwe wote. Na ule wenye kinga hasa utabaki kwenye bahasha yake na mwenyewe hatajua. Pengine ni wa mama fulani wa Kongwa ambaye naye aliambiwa tutarudi.

Asubuhi nilimsubiri Daktari mlangoni. Nilikuwa nimepanga hotuba, nikaishia kusema tu kwamba lebo zilifutika na nikaandika kwa kukisia. Aliweka begi chini. Akauliza, "Katika vinane, una hakika na vingapi?" Nikasema hakuna. Akanyamaza, tena muda wa kutosha kwa mtu kuikumbuka kodi ya nyumba. Kisha akaomba rula. Ukurasa wangu hakuuchana wala hakuufuta, maana daftari la maabara halifutwi. Akapiga mstari mmoja wa kukatiza, akaniambia niandike chini yake yote yaliyotokea, nitie saini na tarehe. Nikaandika. Akasoma, akasahihisha tahajia ya neno moja, akasema, "Panda upya hiyo minane." Basi. Hakunigombeza na hakunifariji, na mpaka leo sijajua kama mkataba wa Machi nitaupata. Fundi wetu wa maabara, mzee wa utani, sasa ananiita Ethanoli.

Jumanne ya tarehe 4 nikapanda kwenye vyungu ndani ya kitalu nyumba, kwa mbegu zilizobaki kwenye bahasha. Safari hii vibao nimeandika kwa penseli. Penseli haiogopi alkoholi. Leo nimepitia baada ya ibada kumwagilia, maana mvua imetukimbia kama kawaida yake ya Februari, na miche imeanza kutoboa udongo. Yote minane iko sawasawa, kijani kidogo kama masikio ya sungura, huwezi kujua nani ni nani. Nitakata majani Alhamisi ya tarehe 20.

Shida iliyobaki ni hii. Nilipokuwa naandika vibao nikagundua kwamba jina la mtama wa bibi nimeliandika kwa namna tatu: moja kwenye bahasha, moja kwenye daftari la vijijini, jingine kwenye kompyuta. Masikio ya Kihehe haya. Namba ninayo, lakini baada ya yaliyonipata sitaki tena kuamini kumbukumbu yangu kwa jambo lolote linaloandikwa kwenye kibao. Mpigie bibi. Mwombe alitamke polepole, uniandikie herufi kwa herufi kwa meseji, usisubiri posta. Muulize pia lina maana gani, kwa sababu siku ile alipolitamka shangazi yako alitoka nje akicheka, na nisije nikawa nimeandika kwenye kumbukumbu za maabara tusi la Wagogo kwa Wahehe.

Usimwambie habari ya kichupa cha tatu. Mwambie tu kwamba yule Mhehe bado anao mtama wake, umeota, na baada ya mavuno nitakuja mwenyewe, majibu yawe yoyote yale.

Mtani wako,
Consolata

Korosho, ukipata mtu anayekuja huku, tafadhali.