Droni zirushwe kabla ya masika, na wakazi waonyeshwe ramani

Kwa Mhariri,

Mafuriko ya masika ya mwaka 2024 yaliposomba makazi kando ya mito ya Nairobi, droni, yaani ndege ndogo zisizo na rubani, zilituletea picha za mitaa iliyokwisha kuzama. Naomba nafasi katika gazeti lako niseme kwamba chombo hiki kingetufaa zaidi katika majuma ya kiangazi, kabla tone la kwanza halijaanguka.

Droni hurushwa kwa mistari iliyopangwa ikipiga picha zinazopishana, kisha kompyuta huziunganisha kuwa ramani inayoonyesha miinuko na mabonde ya ardhi. Kwa ramani hiyo mhandisi huona mahali taka na vifusi vilipoubana mto, mtaro ulioziba na ukingo unaomomonyoka. Kamera za setilaiti huzibwa na mawingu, ilhali droni hupita chini yake. Hata hivyo, droni nyingi hazihimili mvua kubwa wala upepo mkali, ndiyo maana nasisitiza kazi hii ifanywe Januari na Februari.

Kanuni za kurusha droni zipo tangu 2020, chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kwa kuwa mtaa wetu wa Mathare ni jirani ya kambi ya wanahewa ya Eastleigh, kibali kiombwe mapema.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni matumizi ya picha zenyewe. Mei 2024, watu wakiwa bado wanaomboleza, matingatinga ya serikali yalibomoa nyumba zilizosalia kando ya mto, na aliyeshuhudia hayo ana kila sababu ya kuishuku kamera inayozunguka juu ya paa lake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo lililo wazi. Basi serikali ya kaunti itamke hadharani kwamba ramani hizi ni za tahadhari na uzibuaji wa mito, ifute sura za watu, kisha ibandike ramani hizo katika ofisi za machifu, ambako yeyote ataweza kuzisoma. Wanaoishi ukingoni wanajua maji huanza kupanda upande gani, na wakishirikishwa watairekebisha ramani pale ilipokosea, jambo ambalo hakuna kamera inayoweza kulifanya.

Naiomba kaunti ianze na mto Mathare, na ramani hiyo iwe mikononi mwa wakazi kabla ya Machi.

Mkazi wa Mathare,
Nairobi