YAH: Maji machafu ya makapeti mliyoyamwaga mtaroni kwetu Sinza

Kwa Meneja,

Habari za kazi. Mimi ndo yule mteja wa Sinza mliyemsafishia makapeti matatu na sofa ya watu saba Jumamosi ya wiki mbili zilizopita, risiti nimeipiga picha nimeiambatanisha hapa. Nimeshapiga simu mara nne, dada wa mapokezi kila siku ananiambia bosi atakupigia, bosi hajapiga, sasa nimeona niandike tu. Na msidhani nalalamikia usafi wenyewe, hapana, makapeti yametakata mpaka lile doa la pilau la arobaini ya mjukuu wangu limetoka, hapo vijana wenu nawapa maksi zao zote. Shida yangu ni maji. Yale maji mliyonyonya kwenye makapeti yangu mmeyapeleka wapi?

Walifika saa tatu na kitu na ile gari yenu iliyochorwa jani la kijani ubavuni na maneno ya kutunza mazingira, wakashusha mashine, wakapuliza dawa, wakasugua, wakaanza kunyonya. Mashine yenu mnaijua kuliko mimi, ina tenki la maji safi na tenki la maji machafu. Lile chafu lilipojaa mara ya kwanza nikaona kijana analibeba anatoka nalo getini, nikajua anaenda kumimina kwenye madumu garini, kumbe anamwaga mtaroni. Nimekuja kushtuka tenki la tatu, tena sio kwa ujanja wangu, ni jirani kaniita dirishani, "mwalimu, hebu toka uone."

Nikatoka. Maji yana rangi ya chai iliyosahaulika jikoni, mazito, juu yananukia limao na chini yake yananuka mkojo wa paka, mapovu yamejaa mtaro mzima yanatembea taratibu kuelekea nyumba za chini, na mtoto wa yule jirani, wa miaka minne, kachuchumaa ukingoni anayakomba kwa viganja viwili anampulizia mwenzake usoni. Mama yake alimnyanyua mkono mmoja kama kuku akaenda kumsugua bombani, halafu akarudi kuniangalia mimi, sio vijana wenu, mimi, maana maji yametoka kwangu.

Nikamuuliza yule mkubwa wao, mwanangu mbona mnamwaga huku? Akanijibu kwa heshima kabisa, "Mama hii ni sabuni tu, tena tunawasafishia na mtaro." Nilicheka huku nimekasirika.

Sasa bahati mbaya kwenu mimi nafundisha kemia sekondari, na vikaratasi vya litmasi havikosekani kwenye mkoba wangu. Nikachovya kile chekundu kwenye tenki la nne, kikageuka bluu hapo hapo. Litmasi haisemi hiki ni sumu, naelewa, inasema tu humu mna alkali, ila nguvu yake kiasi gani na imechanganywa na nini ni nyie mnaojua, na kijana nilipomuomba nione dumu la dawa nikakuta halina hata lebo. Halafu hata kama ingekuwa sabuni ya kipande, kilichomo mle sio sabuni peke yake, ni kila kitu ambacho kapeti langu limekula miaka sita, mchanga, nywele, nyuzi, mikojo ya paka, na dawa ya kunguni ambayo nilipuliza mwenyewe kwa mkono wangu mwezi wa tatu. Dawa nyingi za wadudu za majumbani ni za kundi la kemikali linaloitwa pairethroidi, kiasi ambacho mtu mzima wala hakihisi kinatosha kuua samaki, na sabuni nayo inamharibia mashavu anayopumulia.

Mtasema Sinza kuna samaki gani. Ule mtaro jamani ni wa mvua, sio wa majitaka. Majitaka ya bomba au ya gari la kunyonya mengi yanaishia kwenye mabwawa ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, kama yale ya Vingunguti, yanakaa, bakteria na jua vinafanya kazi yake, ndo yanaachiwa. Ya mtaro wa mvua hayasimami popote, yanateremka Mto Ng'ombe, Mto Ng'ombe unaingia Msimbazi, Msimbazi unatoka baharini pale daraja la Selander. Na kule bondeni Msimbazi kuna watu wanachota wanamwagilia mchicha na matembele, mchicha unaenda sokoni, mimi nanunua fungu jioni nikitoka shule. Yani nimewalipa 120,000 mnitolee uchafu sebuleni halafu unarudi kwa mlango wa jikoni. Sisemi mto ulikuwa msafi mkauchafua nyie, hali ya Msimbazi kila mtu anaijua, ila mtu akikuta jalala haimaanishi na yeye aongeze.

Basi nikawaambia acheni mtaro, mwageni choo cha nje. Hapo nakubali na mimi nina kosa nusu, maana niliongea kwa hasira sikusema namna. Wao wakachukua matenki matano yaliyobaki wakayamwaga moja kwa moja mfululizo, hawakuchuja. Jumatatu asubuhi naoga maji yananirudia miguuni. Fundi bomba kaja kapitisha waya, kavuta kavuta, katoa donge la nyuzi na nywele limejisokota ukubwa wa ngumi, la kijivu, unaliona kabisa na uzi mwekundu wa kapeti langu la chumbani umo. Kanichaji 35,000. Na akaniambia jambo ambalo nyie ndo mlitakiwa kuniambia, kwamba nyumba yenye karo la septiki haimwagiwi maji ya namna ile mengi kwa mkupuo, yanavuruga tope lililotulia chini linaenda kuziba shimo la pili ambalo maji yake yananywea ardhini, na kama dawa yenu ina kiuavijidudu ndo kabisa, inaua wale bakteria wanaokula uchafu ndani ya karo. Kwa hiyo sasa hivi nakaa nasikilizia karo langu kama mgonjwa.

Ninachotaka ni hivi. Kwanza 35,000 ya fundi mnirudishie, sio kwa sababu nimeshindwa kulipa. Pili mniandikie jina la dawa mliyotumia na maelezo yake kutoka kwa mtengenezaji, mama wa yule mtoto ananiuliza kila siku, mikono ya mtoto haijafanya kitu nashukuru Mungu, ila swali lake ni la haki na mimi sina jibu. Na hilo la maji mbadilike kweli, wapeni vijana chujio, hata kitambaa cha neti kwenye mdomo wa tenki kinakamata nyuzi, wapeni madumu yenye mifuniko warudi na maji ofisini kwenu yamwagwe kwenye mfumo wa majitaka kwa utaratibu au yakusanywe gari la majitaka lije liyanyonye. Na kabla hamjaanza kazi kwa mtu muulizeni choo chako kimeunganishwa na bomba la DAWASA au una karo, ni swali la nusu dakika. Kama itabidi bei ipande elfu kumi kwa ajili ya kubeba maji mimi nitalipa, semeni tu mapema. Vijana msiwakate mishahara kwa hili, wamefanya walivyozoea na ukiwaangalia unaona hakuna aliyewahi kuwaelekeza, walichopewa ni mashine na ratiba ya nyumba nne kwa siku.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 mnayo au mnaweza kuipata, inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na kuchafua maji ni kosa. Sijaenda popote bado. Mjumbe nimemwambia kwa mdomo tu kwa sababu jirani alikuwa ameshaanza kupeleka maneno. Nawapa siku 14 kuanzia leo, mkikaa kimya naenda kwa afisa afya wa kata na nakala napeleka NEMC, baraza la taifa la mazingira, pamoja na picha, nilipiga nane, moja inaonyesha gari yenu na lile jani lake na mapovu yanapita chini ya tairi.

Nasubiri simu ya bosi mwenyewe, sio dada wa mapokezi, yeye mumsalimie, ameniongelesha vizuri siku zote.

Mteja wenu,
Mwalimu wa Sinza

NB: Brashi yenu ndogo ya mpini wa njano mliisahau chini ya sofa. Ninayo, mtakapoleta ile 35,000 mtaichukua.